Orodha ya Kuwashia Kompyuta Isifichwe



Naomba nafasi katika gazeti letu la shule nitoe maoni yangu juu ya jambo lililozusha ubishi mwingi katika chumba cha kompyuta tangu muhula uliopita. Najua si wanafunzi wote wa hapa wasomao somo hilo, na wazazi wengi watakaoufikia ukurasa huu wana mambo makubwa zaidi ya kufikiri kuliko namna kompyuta inavyowashwa. Hata hivyo nathubutu kuandika, kwa sababu katika jambo hili mwenzetu mmoja aliadhibiwa bila kosa, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Kwanza nieleze hali ilivyo. Chumba chetu kina kompyuta 16 za mezani, aina ya Dell OptiPlex, zilizokwisha kutumika kwingine kabla ya kuletwa Songea. Zilizaliwa wakati wa Windows 7, zikapandishwa hadi Windows 10, na hapo ndipo safari yao ilipokoma. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kama kichakataji ni cha Intel, sharti kiwe cha kizazi cha nane au cha baadaye. Vya kwetu ni vya kizazi cha nne. Tena tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta hazikufa siku ile. Kesho yake asubuhi ziliwaka kama ada. Lakini tangu hapo ni kama nyumba ambayo fundi wake amehama mji: ufa ukitokea, utabaki ufa. Na nyufa hazikosi wa kuzipenya, kwani kila mwanafunzi arudipo kutoka likizo huja na flashi yake iliyokwisha kupita katika mikono ya watu na maduka ya kuchapia yasiyo na idadi. Mmejionea wenyewe folda zikigeuka kuwa njia za mkato, mkadhani kazi zenu zimepotea, kumbe virusi vimezificha.

Kwa ajili hiyo Mwalimu wetu wa kompyuta aliniruhusu mimi na mwenzangu mmoja atokaye Mbinga tuweke Linux katika kompyuta 6 za mstari wa mbele, pamoja na ile Windows iliyokuwamo. Tulichagua Debian 12. Haina bei, haidai nguvu nyingi, na virusi vile vya flashi vilivyotungwa kwa ajili ya Windows haviwezi kufanya kazi ndani yake.

Wako wasemao, kama Linux ni njema hivyo, kwa nini Windows isifutwe kabisa tukapumzika? Nami nilikuwa mmoja wao mpaka nilipofungua daftari langu la mazoezi. Sisi wa kidato cha nne mazoezi yetu ya hifadhidata tunayafanyia katika Access, na Access haipo kwenye Linux. Programu ya hifadhidata iliyomo katika LibreOffice ni nzuri, ila si ile ile, na mwezi wa mtihani si mwezi wa kujifunza vitufe vipya. Wengine wakasema basi Windows iwekwe ndani ya Linux kama kompyuta ndani ya kompyuta. Hilo lawezekana penye mashine yenye kumbukumbu ya kutosha. Zetu zina gigabaiti 4 tu, na mfumo mmoja peke yake huzimaliza karibu zote. Kwa hiyo mifumo miwili katika diski moja si anasa wala majivuno ya wanafunzi wa kompyuta. Ni lazima ya wakati tulio nao.

Wazazi wetu, kama neno hili "mfumo" linawatatiza, fikirini shamba moja lililokatwa mpaka katikati, upande huu mahindi, upande ule maharage. Shamba ndiyo diski. Mahindi na maharage ndiyo mifumo endeshi, yaani Windows na Linux. Mfumo ndio uamkao kwanza kompyuta iwashwapo, ukaziamrisha programu nyingine zote. Katika shamba mazao yote mawili huonekana kwa pamoja, lakini katika kompyuta ni mfumo mmoja tu uwezao kuwa macho kwa wakati mmoja. Basi kuna programu ndogo itanguliayo yote, kazi yake ni kuuliza: leo tuamshe upi? Programu hiyo naiita kiwashio, na maswali yake huonekana kwenye kioo kama orodha ya mistari michache. Hiyo ndiyo orodha ninayoandikia.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Kompyuta hizi zinajua njia mbili za kuwaka. Ipo ya zamani, ya BIOS, na ipo mpya iitwayo UEFI. Mashine moja yaweza kufuata yoyote kati ya hizo, na Windows yetu, kwa kuwa asili yake ni enzi ya Windows 7, ilikuwa imewekwa kwa njia ya zamani. Mimi nilipochomeka flashi ya Debian niliiwasha kwa njia mpya, bila kujua, kwa sababu flashi ile ile yakubali zote mbili. Katikati ya kazi ikatokea sanduku la maandishi kwenye kioo. Lilinionya kwamba inaonekana ndani ya mashine mna mfumo uliowekwa kwa njia ya zamani, na kwamba nikiendelea huenda ikawa vigumu kuuwasha baadaye. Sikulisoma. Nilikuwa na haraka ya kumaliza kabla ya kengele ya chakula, nikabonyeza kuendelea. Nililisoma wiki mbili baadaye, nilipokuwa narudia kazi, nikaona haya peke yangu.

Matokeo yake yalikuwa haya. Kompyuta 6 zikawa na mifumo miwili isiyoonana. Kiwashio cha Linux kilichoamka kwa njia mpya hakiwezi kuikabidhi kazi Windows ya njia ya zamani, kwa hiyo katika orodha yake Windows haikuwamo kabisa. Ukiwasha mashine bila kugusa kitu, Linux. Ukitaka Windows, sharti ubonyeze kitufe cha F12 wakati ule mfupi ambapo nembo ya Dell iko kwenye kioo, na katika orodha ya kiwanda itokeayo uchague diski kwa njia ya zamani. Ukichelewa, uzime uanze tena.

Mimi na mwenzangu tuliijua F12. Hatukuiandika popote. Nilimwambia Mwalimu kwamba kazi imekwisha na mifumo yote miwili inafanya kazi, na neno hilo halikuwa uongo. Ila halikuwa kweli iliyokamilika.

Jumanne moja wakati wa prepo, mwanafunzi wa kidato cha pili aliiwasha kompyuta namba 9. Akaona picha asiyoijua, menyu asiyoijua, wala hakuziona kazi za kaka zake wa kidato cha nne ambazo siku zote huwa hapo mbele. Akabonyeza hiki na kile akitafuta. Kiranja wa zamu akaja, akatazama, akaamini kwamba mtoto amefuta Windows pamoja na kazi zote za mtihani wa majaribio. Nani angeamini vingine? Akampa kufyeka majani nyuma ya bweni kwa siku tatu.

Habari hizo nilizisikia mezani usiku ule ule, ugali ukiwa mkononi. Nilijua papo hapo kilichotokea. Nilijua kwamba hakuna kilichofutwa na kwamba kitufe kimoja kingemtoa yule mtoto katika aibu yake. Nikanyamaza. Niliogopa kwamba Mwalimu ataniona nimemdanganya, na pengine ataifunga kazi ya Linux moja kwa moja. Jumatano nikanyamaza. Alhamisi nilipita karibu na bweni nikamwona na fyekeo, mvua ya manyunyu inamnyeshea, nikageuza njia. Ijumaa, adhabu ilipokwisha, ndipo nikaenda kwa Mwalimu. Na mtaona wenyewe kwamba ushujaa wa namna hiyo hauna thamani kubwa.

Mwalimu hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Hiyo F12 umeiandika wapi?" Nikajibu, "Sikuiandika, Mwalimu." Akanituma nikamwombe radhi yule mwenzetu mbele ya darasa lao zima, na mbele ya kiranja. Nilifanya hivyo siku iliyofuata. Nilidhani atakasirika au atacheka. Yeye aliniuliza kitu kingine: "Sasa kaka, nikiwasha tena nitajuaje?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike.

Nilirudia kompyuta zote 6. Nilitangulia kuiuliza Windows yenyewe imewekwa kwa njia ipi, maana ukurasa wake wa taarifa za mfumo hueleza waziwazi. Nikahifadhi kazi za watu katika diski ya nje. Kisha nikaiondoa Linux na kuiweka upya kwa njia ya zamani, ili wote wawili wapite mlango mmoja. Nilitarajia kwamba sasa orodha itazionyesha zote mbili. Wapi! Ikaonyesha Debian peke yake.

Hapa nieleze kidogo, kwani hapa wengi hukwama na kudhani wameharibu. Kiwashio kitumikacho katika Debian huitwa GRUB. Mwaka 1995 Bwana Erich Boleyn alianza kukiandika alipokuwa akihangaika kuuwasha mfumo wa GNU Hurd. Wakati huo viwashio vilikuwa vingi na havipatani, naye hakutaka kuongeza kimoja zaidi katika fujo hiyo. Basi asili ya GRUB ni kupatanisha. Kwa miaka mingi ilikuwa na msaidizi aitwaye os-prober, ambaye huzunguka katika diski akitafuta mifumo mingine na kuitia katika orodha. Lakini tangu toleo la 2.06, la mwaka 2021, msaidizi huyo hafanyi kazi mpaka aamriwe, kwa sababu za usalama. Na Debian 12 inatumia toleo hilo. Dawa yake ni mstari mmoja katika faili liitwalo /etc/default/grub, usemao GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha amri ya update-grub. Nilipoipa amri hiyo, kioo kiliandika kwamba Windows 10 imeonekana. Nilipiga kelele mpaka kiranja wa maktaba akaja kuniuliza kulikoni.

Na wengi wangeishia hapo. Mwenzangu wa Mbinga alisema, "Yamekwisha, orodha ipo." Mimi nasema hayajaisha, na hapa ndipo maoni yangu yanapoanza.

Orodha ile ilisema hivi: mstari wa kwanza Debian GNU/Linux, wa pili maneno ya Kiingereza ya chaguzi za ziada, wa tatu Windows 10 na mbele yake /dev/sda1. Nilimwita yule mwenzetu wa kidato cha pili nikamketisha mbele ya namba 9 bila kumwambia neno. Akasoma. Akauliza, "sda1 ni nini, kaka?" Kabla sijajibu, sekunde zikaisha na kompyuta ikaamka Linux. Basi orodha ilikuwapo, lakini kwa mtu aliyeketi pale haikuwa orodha.

Kwa maoni yangu, orodha ya kompyuta ya watu wote sharti ingoje. Kompyuta ya mtu mmoja nyumbani kwake ni haki yake kuipa sekunde 5 au 10. Chumba chetu hakiko hivyo. Wakati wa prepo tunaingia kwa mkupuo, mmoja anawasha, anageuka kutafuta kiti, anarudi na kuikuta imekwisha kujichagulia. Aizime aiwashe tena, na diski hizi kuukuu hutaka dakika kadhaa. Umeme wetu siku hizi si ule wa majenereta ya dizeli wanaousimulia waliotutangulia, kwani laini kubwa ya kutoka Makambako ilikamilika mwaka 2018. Lakini hata umeme wa gridi hukatika, na ukirudi huwa tunawasha zote kwa pamoja na muda uliobaki ni mchache. Katika faili lile lile ukiandika muda kuwa -1, orodha hukaa kwenye kioo mpaka mtu achague, hata ikiwa usiku kucha. Mwalimu alitaka sekunde 30, kisha Windows, kwa hoja kwamba mashine zitaachwa zikila umeme bila kazi. Hoja yake ni ya kweli. Tulielewana kwamba ya meza yake iwe na sekunde 10 na zetu zingoje, na kiranja afungaye chumba azitazame moja moja, jambo ambalo ni wajibu wake hata hivyo.

Ipo namna nyingine ambayo wenzangu waliipenda, ya kuiambia GRUB ikumbuke chaguo la mara ya mwisho. Naikataa kwa chumba cha shule. Kompyuta ya namna hiyo humfuata mtu aliyeondoka na kumsahau aliyeketi. Yule mtoto wa namba 9 angeponzwa tena, safari hii na chaguo la mtu asiyemjua.

Juu ya majina, nilifanya jambo ambalo wengine wameliita utoto. Nilimzima tena yule msaidizi os-prober, maana angeniletea Windows mara mbili, nikaiandika orodha kwa mkono wangu katika faili la 40_custom, kwa Kiswahili. Mstari wa kwanza: "Windows: mazoezi ya mtihani, Word, Access." Wa pili: "Linux: kusoma, kuandika programu, flashi zenye shaka." Wa tatu: "Matengenezo (Mwalimu)." Ule wa Linux niliuelekeza kwenye kiungo cha /vmlinuz, ambacho Debian hukigeuza chenyewe kila kiini kipya kiingizwapo, ili nisiache deni la kila mwezi kwa wale watakaobaki baada ya sisi kumaliza. Kwa nini kuwe na ubishi juu ya Kiswahili hapa? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Waliweza kutafsiri kazi kubwa kama ile. Sisi tushindwe mistari mitatu?

Kitasa nacho lazima kiwepo, lakini mahali pake. GRUB ina tabia moja ya hatari: ikiwa imeachwa wazi, mtu yeyote akibonyeza herufi e mbele ya orodha aweza kuyabadili maagizo na kuingia katika Linux akiwa na mamlaka yote. Kwa hiyo nimeweka nywila ya kubadilisha, iliyo kwa Mwalimu peke yake. Lakini mtu akiweka nywila tu na kuishia hapo, GRUB huidai hata kwa kuchagua mstari wa kawaida, na tunarudi pale pale pa kumwita fundi. Ile mistari miwili ya juu sharti ipewe neno --unrestricted, ndipo kila mtu aweze kuichagua. Mstari wa tatu sikuupa.

Sasa niwajibu wanaopinga. Rafiki yangu wa Mbinga, ambaye nampenda, anashikilia kwamba F12 ni elimu, na kwamba shule ni mahali pa kujifunza, si pa kutafuniwa. Asiyeijua, asema, aulize. Maneno haya yana ladha nzuri, nami niliyasema kabla yake. Lakini naomba niseme ukweli ambao sikuusema mezani usiku ule. Katika zile wiki mbili niliitwa kila prepo, mara sita, mara saba. "Kaka njoo, Windows yangu haipo." Nilikuwa nakwenda polepole, mikono mfukoni, nabonyeza kitufe haraka ili wasione, nageuka naondoka. Nilijiona kama daktari wa zamu. Sikuwa nafundisha kitu. Nilikuwa nafaidi kuitwa. Na laiti yule mtoto angethubutu kuuliza, angemwuliza nani, na wakati ule mimi ndiye niliyekuwa nimeificha?

Fikirini msafiri atokaye Namtumbo anafika stendi hapa Songea, anataka gari la Njombe. Aambiwe magari ya Njombe yapo, ila yako nyuma ya ukuta, na mlango hufunguliwa kwa yule ajuaye kugonga mara tatu kabla dereva hajapiga honi. Tungemwambia kwamba hiyo ni elimu? Atakayetaka kujifunza habari za BIOS na UEFI ana kitabu, ana Mwalimu, na nipo mimi hata Jumapili. Lakini asilazimishwe kuzijua kabla hajafungua zoezi lake la hesabu.

Wengine wanaona afadhali watoto wa kidato cha kwanza na cha pili wasipewe uchaguzi kabisa, kwani wataharibu. Nawauliza, waliharibu nini? Tangu orodha iwekwe, walioharibu ni wakubwa. Mmoja wetu aliizima Windows bila kuifunga sawasawa, nami mwenyewe nilisahau kuizuia ile tabia yake ya kulala badala ya kuzimika, ambayo hufanya Linux isiweze kuandika salama katika upande wa Windows. Hiyo nayo nimekwisha kuirekebisha.

Niliache ubishi kidogo niwasimulie kisa cha saa. Siku ya kwanza baada ya matengenezo, saa nne asubuhi, Windows ilionyesha saa moja. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza akatangaza kwamba kompyuta imefundishwa kuhesabu saa kwa Kiswahili, ila haijui hesabu vizuri. Sababu ni kwamba Linux huiweka saa ya ndani ya mashine kwa majira ya dunia, na Windows huisoma saa hiyo hiyo ikidhani ni majira ya hapa, na baina ya hayo mawili sisi wa Afrika Mashariki tuna saa 3. Amri moja, timedatectl set-local-rtc 1, iliwapatanisha. Lakini jina la "kompyuta isiyojua hesabu" limebaki kwa namba 4 hadi leo.

Zimebaki kompyuta 10. Mwalimu ameturuhusu Jumamosi mbili za muhula huu, baada ya usafi, kuanzia saa nne hadi kengele ya chakula. Atakayekuja aje na flashi isiyo na kitu chake cha thamani, maana tutaifuta yote ili kuiwekea Debian, na aliye na kazi katika kompyuta za mstari wa nyuma aiondoe kabla ya Ijumaa jioni. Wakati wa kuiweka Linux kila sanduku la maandishi litokealo kwenye kioo litasomwa kwa sauti na mtu mmoja, na mwingine atabonyeza. Daftari la kazi analiandika yule mwenzetu wa kidato cha pili: namba ya mashine, njia ya kuwaka, nani aligusa nini. Ameomba jambo moja tu, kwamba namba 9 iwe chini ya uangalizi wake, nami nimekubali.